Barua ya wazi kwa Waziri wa Kazi: watu wanapiga kazi na njaa, afya ya akili itatoka wapi?

Shikamoo mheshimiwa, na samahani nakuandikia hadharani. Siku hizi kila ofisi ina bango la afya ya akili, sijui semina, sijui namba ya kupiga ukizidiwa, sawa, ila hapohapo chini ya bango kuna mtu hajatia kitu tumboni tangu asubuhi, saa tisa ndo anashushia biskuti na soda akiwa amesimama, simu iko sikioni, halafu jioni bosi anashangaa mbona anajibu watu kwa ukali.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini unatumia karibu asilimia 20 ya nishati yote. Mwaka 1944 hadi 1945 kule Minnesota, Marekani, wanaume 36 wenye afya zao walijitolea kupunguziwa chakula kwa karibu miezi sita, wakawa wanakasirika ovyo, wana huzuni, hawataki kuongea na mtu, kichwani ni msosi tu. Na si lazima ufike huko, unaweza kushiba kila siku na bado ukapungukiwa madini ya chuma au vitamini B12, ukawa mchovu, husikilizi, unasahau, watu wanakuita mvivu. Nyumbani ndo kunaumia zaidi, maana kazini unajikaza, ukifika mlangoni mtoto akiuliza kitu kidogo tu unamfokea.

Mwaka 2017 Australia, mtafiti Felice Jacka na wenzake walitoa matokeo ya jaribio la watu 67 wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito: kati ya waliosaidiwa kubadili mlo, karibu theluthi moja walipata nafuu kubwa, wale waliopewa mtu wa kupiga naye stori tu ilikuwa asilimia 8. Utafiti mdogo, najua, na simwambii mtu aache dawa zake.

Mheshimiwa, Shirika la Kazi Duniani lilishatoa Pendekezo namba 102 tangu 1956, linagusa mpaka sehemu za kulia chakula kazini. Wakaguzi wako wakija kuangalia mitungi ya kuzimia moto, waulize pia watu wanakula wapi na saa ngapi, na shifti ya usiku je? Ila wamuulize mfanyakazi mwenyewe, meneja akiwa nje.

Ni mimi, wa shifti ya usiku