Kiraka cha kerneli hakizibi kitu mpaka seva iwashwe upya

Mhariri,

Katika SACCO, shule na zahanati nyingi hapa Uganda, seva ya Linux iliyokaa mwaka mzima bila kuzimwa husifiwa. Sisi tunaohudumia mashine hizi inatutia wasiwasi. Kusasisha huandika kerneli mpya, yaani kiini cha mfumo wa Linux, kwenye diski, lakini inayoendelea kufanya kazi ni ile ya zamani iliyo kwenye kumbukumbu, pamoja na matundu yake yote ya usalama. Ipo huduma ya kuziba matundu makubwa bila kuzima, Livepatch ya Ubuntu (aina moja ya Linux) kwa mfano, ila haizibi yote.

Tundu la Dirty Pipe, lenye namba ya utambulisho CVE-2022-0847, lilitangazwa Machi 2022. Kiraka chake kilikuwa mistari 2 tu, ya kufuta thamani ya zamani iliyosalia kwenye bomba la data. Bila mistari hiyo, mwenye akaunti ya kawaida kabisa aliweza kuandika juu ya faili aliloruhusiwa kulisoma tu, /etc/passwd (orodha ya akaunti za mashine) likiwemo, akajipa mamlaka ya ruti, yaani ya msimamizi mkuu. Karani mmoja aliyeibiwa nenosiri angetosha kuwapa wezi daftari lote la wanachama.

Kwenye seva ya Ubuntu, andika amri uname -r, inayotaja kerneli inayotumika, kisha dpkg -l 'linux-image*', inayoorodhesha zilizowekwa. Kama kerneli mpya kuliko zote kwenye orodha siyo iliyotajwa na amri ya kwanza, seva inasubiri kuwashwa upya. Usiishie kwenye namba ya mwanzo, 5.15.0 kwa mfano: Ubuntu huingiza viraka bila kugusa namba hiyo. Linganisha tarakimu zinazofuata baada ya kistari na tangazo lao la usalama.

Panapoharibika zaidi ni /boot, saraka zinamokaa kerneli. Ikiwa imetengewa sehemu yake ndogo ya diski, kerneli za zamani huijaza, initramfs mpya (faili linaloisaidia kerneli kufikia diski wakati wa kuwaka) inakatika katikati ya kuandikwa, na ukiwasha upya mashine haioni diski yake. Ndipo watu huapa hawatasasisha tena. Anza na df -h /boot, inayoonyesha nafasi iliyobaki. Nafasi ikiwa finyu, tumia apt autoremove --purge, ambayo huacha kerneli inayotumika na iliyo mpya. Usifute faili za /boot kwa rm. Apt, programu inayosimamia vifurushi, haitajua zimeondoka.

Kadi ya mtandao inayotegemea moduli ya nje, yaani kiendeshi kisichokuja na kerneli, inahitaji linux-headers (faili za kukijengea upya) za kerneli mpya. Zikikosekana, seva itawaka bila mtandao. Amri dkms status itakuonyesha mapema kama moduli imejengwa.

Halafu andaa nakala rudufu, betri ya UPS (kifaa cha umeme wa akiba) iliyojaa, na mtu aliye karibu na kibodi. Usianze kusasisha umeme ukiwa umekatika. Kerneli mpya ikigoma, bonyeza Shift au Esc mashine inapowaka, chagua ya zamani kwenye menyu ya GRUB, programu inayowasha kerneli, na kazi itaendelea wakati mnatafuta chanzo. Ikiwaka vizuri, rudia uname -r.

Fundi hawezi kujichukulia muda huu. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inamtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde, kwa hiyo mameneja watenge saa moja kila mwezi, Jumamosi jioni kwa mfano, na wateja wajulishwe mapema. Wenye CentOS 7, aina nyingine ya Linux, wapange kuhama: viraka vyake vya kawaida vilikoma tarehe 30 Juni 2024, na kuwasha upya hakutawaletea kipya.

Mafundi wa seva,
Kampala