Barua kwa wazazi na walezi: kufunga muhula wa kwanza

Ofisi ya Mkuu wa Shule,
Juni 2025

Ndugu wazazi na walezi,

YAH: KUFUNGA MUHULA WA KWANZA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nawasalimu nyote, mliokwisha kuvuna na ambao mpunga wenu bado umesimama. Watoto wanarudi nyumbani leo na ripoti zao. Zisomeni kabla hazijapanda juu ya kabati. Tarehe ya kufungua shule imeandikwa chini ya ripoti, na nyuma yake kuna nafasi ya sahihi ya mzazi. Katika ripoti za Desemba nilizozikuta ofisini, wazazi saba wametia sahihi kwa mwandiko mmoja. Mwenye mwandiko huo nimeshampata, yuko kidato cha tatu na alikuwa anatoza wenzake shilingi mia tano kwa sahihi.

Nianze na la furaha, kwa kuwa tumelitolea jasho. Kidato cha nne walifanya moku, yaani mtihani wa majaribio, mwezi wa tano. Moku ya mwaka jana wanafunzi 31 walipata sifuri. Mwaka huu waliopata sifuri ni 9. Daraja la kwanza wako 6, na kati ya hao 4 ni wasichana. Fizikia, somo ambalo shuleni hapa lilikuwa la kukimbiwa, limeshika nafasi ya pili baada ya Kiswahili. Niliposoma matokeo nilitoka ofisini nikaenda kusimama chini ya mwembe peke yangu, mwalimu wa taaluma akadhani nimepata msiba.

Hiyo fizikia ina mwenyewe, na sitamtaja jina kwa sababu amenikataza. Ni mzazi mwenzenu, fundi redio na pikipiki. Alikuja mwezi wa tatu kuulizia ripoti ya mwanawe akaona amita zetu mbili za kupimia umeme mezani, moja imekufa. Akaomba bisibisi. Baada ya nusu saa tukawa na amita mbili nzima. Jumamosi iliyofuata akarudi na kikapu cha waya, balbu na betri chakavu, akakaa na kidato cha nne saa tatu nzima wakiunga sakiti mezani, si ubaoni. Alikuja Jumamosi tano. Hakudai nauli. Mwalimu wa fizikia, kijana wa ajira mpya, alikaa pembeni akiandika anachokiona, na ninampa heshima yake kwa hilo, maana wapo walimu ambao wangeona wamevuliwa nguo.

La pili la kujivunia ni ule ubao wa mbao nje ya stoo. Kidato cha tatu wanaosoma utunzaji wa hesabu ndio wanaoandika leja ya chakula. Kila Ijumaa wanapima kilichobaki na kuandika hapo kwa herufi za kusomeka toka barabarani. Wiki ya pili wakakuta maharage yamepungua kilo 2. Wakaja ofisini wanne, wamenyooka, wakanieleza. Kilo hizo niliamuru mimi zipikwe tulipopata wageni kutoka halmashauri, na sikuandika popote. Nikanunua sokoni nikarudisha. Ubaoni bado imeandikwa: "Mkuu wa Shule, maharage kilo 2, amerudisha." Nimewakataza wasifute.

Sasa lile jambo. Najua wapo mliofungua barua hii kwa ajili yake tu.

Mkuu wa shule aliyenitangulia alisimamishwa kazi mwezi wa kwanza. Mwaka jana wazazi wa kidato cha nne mlitoa Sh 40,000 kila mmoja kwa ajili ya kambi. Fedha ikapita kwenye namba yake ya simu, bila stakabadhi. Kambi ya wiki sita ikakaa siku 11, watoto wakarudi nyumbani na magodoro kichwani. Hayo aliyakiri mwenyewe mbele ya bodi, ndiyo maana nayaandika. Mengine yamo kwenye shauri lake na siyasemei. Kila wiki kuna anayenisimamisha njiani kuniuliza mbona hajafungwa. Mimi si hakimu. Nidhamu ya mwalimu wa umma iko chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa Sheria Na. 25 ya mwaka 2015. Mwalimu hupewa mashtaka kwa maandishi, hujitetea, ndipo uamuzi utolewe, na rufaa anayo. Upande wa rushwa wapo TAKUKURU na sheria yao ya 2007, nao njia ya kufika hapa wanaijua, wameshapita mara mbili. Siku fedha yenu ikirudi, hata kama ni nusu, itaandikwa ubaoni siku hiyo hiyo.

Mlikuwa na haki ya kukasirika. Kufunga geti kwa mnyororo siku kidato cha kwanza wanaripoti, hapo siko pamoja nanyi. Watoto walisimama nje na ndoo, majembe na mafagio mapya toka asubuhi hadi saa saba mchana, wakasikia siku yao ya kwanza ya sekondari matusi ambayo hayafundishwi katika somo lolote.

Sisi walimu nasi tusijifiche nyuma ya mtu mmoja. Stoo ilikaa mwaka mzima bila leja, na kila mwalimu aliyeshika zamu aliliona hilo. Walinyamaza. Nimewaambia kwenye kikao na narudia hapa wakiwa wanasoma. Wapo waliokuja mmoja mmoja kuniambia waliogopa uhamisho. Nimewaelewa, ila sijawasafisha.

Na ninyi? Nimekaa na kitabu cha mikutano usiku mmoja. Oktoba mwaka jana, mkutano wa kusomewa mapato na matumizi, wametia sahihi wazazi 23. Shule ina wanafunzi 412. Machi mwaka huu, mkutano wa lile jambo, wametia sahihi 268, na wapo waliokaa juu ya mwembe, hawakushuka kuja kusaini. Mei, mkutano wa kupangana zamu za kukagua stoo, wametia sahihi 41. Mwaka jana, laiti wazazi kumi tu wangeuliza "stakabadhi iko wapi?" kabla ya kubonyeza simu, tusingefika kwenye mnyororo. Nawauliza wale 227 waliokuja Machi na kukosekana Mei: mlikuja kuifuatilia shule au mlikuja kumwona mtu akianguka?

Zamu ni wazazi wawili kila Ijumaa, saa tisa alasiri, dakika arobaini. Unapima gunia, unasoma leja, unaweka sahihi, unakwenda zako. Kwa wiki nne zilizopita wamekuja akina mama walewale watatu. Mmoja wao anatoka ng'ambo ya mfereji mkuu.

Chakula. Hapa nitarefusha, mnisamehe.

Machi mlinyoosha mikono wenyewe: kila mwanafunzi debe moja la mahindi, maharage kilo 5, na Sh 5,000 ya mpishi, chumvi na mafuta. Mhutasari ninao. Mpaka leo yameingia madebe 187, yaani magunia 31 na debe moja. Fedha hailipwi kwa mwalimu, haipiti kwenye simu ya mtu, inakwenda benki kwenye akaunti ya shule kwa namba ya malipo, na karatasi ya benki inabandikwa ubaoni. Hilo mlilidai, mkalipata. Yamebaki madebe 225.

Majibu ninayopewa ni mawili. La kwanza, elimu ni bure. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada, ile Sh 20,000 ya shule ya kutwa, na serikali inaleta ruzuku. Ruzuku hiyo ni Sh 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, tena sehemu yake ni ya vitabu. Igawanyeni kwa siku za masomo mwone kama inafika kwenye sahani. Waraka Na. 3 wa 2016 umeyataja ya mzazi: sare, madaftari, matibabu, na chakula cha mwanafunzi wa kutwa. Unasema pia mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu ya mchango, na mimi sijamrudisha hata mmoja. Watoto 412 wamekula makande ya madebe 187. Yakaisha wiki ya tatu ya Mei. Toka hapo mchana ni maji ya bomba, na kipindi cha saa nane walimu wanafundisha vichwa vilivyolala juu ya madawati.

Jibu la pili ndilo linaloniuma: "Tuliibiwa, hatutoi tena." Ndugu zangu, aliyewaibia hali makande hapa. Mtoto wako ndiye anayekula, na anakula debe la jirani yako, mjane ambaye alileta lake kwa baiskeli siku ya pili tu baada ya mkutano. Aliyeshindwa kweli aje aniambie. Wamekuja 14, tumeelewana, wanalipa kwa kuni na kwa siku za kumwagilia bustani. Aliyeuza mpunga wake Mei na kununua bati jipya asinitumie salamu za umaskini kupitia mtoto.

Kuna kambi nyingine mmeianzisha, hii haina magodoro. Wa-Mkuu, wanaomtetea aliyenitangulia, na Wa-Risiti, wanaodai stakabadhi. Nasikia imefika kanisani, msikitini na mashine ya kusaga, watu hawapangi tena foleni moja. Wa-Mkuu wananiambia alikuwa anafaulisha. Alifaulisha baadhi ya miaka, ni kweli, matokeo yapo ukutani sikuyaondoa. Hayafuti siku 11. Wa-Risiti nao wanasema kila anayewapinga amelipwa. Madarasani watoto wameanza kukaa kwa kambi za wazazi wao. Kidato cha pili niliwapanga upya kwa alfabeti, mzazi mmoja akanipigia usiku kuniuliza kwa nini mwanawe ameketishwa na "mtoto wa yule".

Mwezi wa nne, siku ya Jumatano, kipindi cha biolojia, mzazi aliingia darasani kidato cha pili bila hodi, bila kupita ofisini, akamwita mwalimu "mwizi mdogo wa yule mwizi mkubwa" mbele ya wanafunzi 47. Mwalimu huyo ni wa kujitolea. Posho yake ya miezi miwili ilikuwa haijatoka. Kosa lake ni kwamba siku hiyo ndiye aliyeshika daftari la chakula na alimwambia mtoto wa mzazi huyo kwamba debe lao halijaandikwa. Lilikuwa halijaandikwa kwa sababu halijaletwa. Mwalimu alimaliza kipindi. Alimaliza, nataka mlijue hilo, alichora ua lake ubaoni na sehemu zake zote, ndipo akaja ofisini akakaa kwenye kiti bila kusema kitu.

Mzazi huyo alipoitwa mbele ya bodi alisema ana uchungu na shule. Ameomba radhi ofisini. Radhi ya ofisini haitoshi, kwa kuwa tusi halikutolewa ofisini. Namsubiri siku ya kufungua, paredi ya asubuhi. Asipokuja, atakuja mtendaji wa kata naye tutaandikishana.

Matunda yake tumeshayaona. Mwalimu wa zamu akisimama paredi, sauti inatoka nyuma ya mstari: "Risiti!" Mara ya kwanza nilijiuma midomo nisicheke. Mara ya nne haikuchekesha. Wanafunzi watatu wamefyeka uwanja wa mpira, na safari ijayo nitaita baba zao tufyeke wote. Kuuliza stakabadhi ni jambo jema ambalo mmelilipia ghali. Mkiliacha liwe tusi la watoto, siku likihitajika tena hakuna atakayelisikia.

Utoro. Aprili na Mei wavulana 38 walipotea kwa zaidi ya wiki mbili, wengi wakiamia ndege mpungani. Ndege najua wanakula, mimi pia nimelima. Lakini mtoto wa kidato cha pili ana upimaji wa kitaifa Novemba, na kwelea kwelea hawamsahihishii mtu. Wanaorudi waje na mzazi.

Sare: sketi zishuke chini ya magoti. Simu haziruhusiwi. Vyoo vya wasichana vimekamilika.

Kidato cha nne wanabaki wiki mbili kwa masomo ya jioni, wakitokea majumbani. Hakuna kambi, hakuna mchango. Yule fundi amesema atakuja Jumamosi zote mbili.

Mwisho, mnyororo wa geti ulikatwa kwa msumeno na tumeufungia ndama wa shule. Kufuli lake ni zima kabisa, kubwa, la bei, limefungwa na liko mezani kwangu. Mlango wa stoo unafungwa kwa kamba. Mwenye ufunguo aulete, nami sitamuuliza chochote.

Wenu katika kazi,

Mkuu wa Shule