Mwindaji wa kwenye bendera mmemwita mchawi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wako wa barua. Jumapili iliyopita, kwenye kurasa za sanaa, mlichapisha mchoro wa Abdias Nascimento, mchoraji mweusi wa Brazili, uitwao Okê Oxóssi, wa mwaka 1970, na chini yake mkaandika kwamba ni uchawi wa Kibrazili. Maneno hayo yamenikera, na nitaeleza kwa nini.

Mimi ni mwandika mabango hapa Tanga, mwaka wa 31 sasa. Bendera nimechora nyingi: za vyama, za timu, za taifa kwenye kuta za shule. Basi nianze na kile ambacho jicho la fundi linakiona. Kuna kijani, kuna umbo la manjano mfano wa kishada, na duara la buluu katikati. Hiyo ni bendera ya Brazili, mtoto yeyote anayefuatilia mpira anaijua. Bendera halisi ina utepe mweupe unaokata lile duara, wenye maneno ya Kireno ambayo maana yake ni Utaratibu na Maendeleo. Nascimento ameyaondoa. Mahali pake ameandika Okê, Okê, Okê, Okê, na juu ya yote akapitisha upinde na mshale.

Okê ni salamu. Ndivyo anavyoamkiwa Oxóssi, orisha, yaani mmoja wa miungu, wa msitu na uwindaji katika Candomblé, dini ambayo Wayoruba na Wafon wa Afrika Magharibi pamoja na watu wa Kongo na Angola waliisuka upya Brazili wakiwa utumwani. Husifiwa kuwa ni mwindaji wa mshale mmoja. Hana wa akiba, kwa hiyo hakosi. (Katika nyumba za ibada zinazofuata mila ya Angola, ngoma huitwa ngoma vilevile. Nilipolijua hilo nilicheka peke yangu karakana nzima.)

Ukiniuliza kwenye bango kazi ngumu ni ipi, nitakwambia ni maneno. Rangi ukikosea unapaka juu yake; herufi ikipinda, mteja hakulipi. Mtu anayefuta maneno ya bendera ya nchi yake na kuandika mengine anajua anachokifanya. Bendera ile ilitangazwa mwaka 1889, mwaka mmoja tu baada ya utumwa kukomeshwa. Waafrika karibu milioni 5 walifikishwa Brazili kwa meli, wengi kuliko waliofikishwa nchi nyingine yoyote ya Amerika, na kwenye kitambaa kile kipya hakukuwa na alama hata moja yao. Nascimento, mjukuu wa watumwa, ameirudisha alama yao mahali ambapo kila mtu ataiona. Wakati anachora, Brazili ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi na yeye alikuwa uhamishoni Marekani.

Sasa hilo neno lenu. Sheria ya jinai ya Brazili ya mwaka 1890 iliharamisha kile ilichokiita uaguzi na mazingaombwe, na polisi wa Rio de Janeiro wakaitumia kuvamia nyumba za ibada. Walibeba ngoma, shanga, mavazi, hata viti vya wazee. Vitu hivyo vikaishia katika makumbusho ya polisi, na mwaka 1938 vikaingizwa katika orodha ya urithi wa taifa kwa jina la mkusanyo wa uchawi. Fikiria hirizi ya bibi yako inakaa kituo cha polisi, na wageni wanaoneshwa hirizi hiyo kama ushahidi wa kosa. Wenyewe walidai kwa miaka mingi. Ni Septemba 2020 tu ndipo vitu 519 vilipohamishiwa Museu da República, yaani Makumbusho ya Jamhuri, ambako viongozi wa dini hiyo wanashiriki kuvitunza. Kwa hiyo, Mhariri, mlichoandika chini ya mchoro ule ni lugha ya askari aliyebeba ngoma.

Mimi ni Mwislamu, na sitaki mtu anidhanie kuwa nahubiri Candomblé. Wala simlazimishi mtu kuupenda mchoro. Mwenyewe mara ya kwanza niliona rangi imelala mno, haina kivuli, mpaka nikakumbuka kwamba bendera nayo haina kivuli. Ninachotaka ni kitu kuitwa jina lake.

Na maneno yenu yanasomwa. Niliukata ukurasa ule nikaubandika ukutani, juu ya makopo ya rangi. Jumatatu akaja mteja, mama mwenye duka la vipodozi, akasimama mlangoni hataki kuingia. "Fundi, toa hilo lidude. Gazetini wamesema ni la kichawi." Nikaziba maneno yenu kwa kidole nikamwambia, haya mama, sasa niambie unaona nini. Akasogea. Akatazama kwa muda. "Bendera ya Brazili," akasema, "na upinde. Kumbe ni wa kuwindia?" Kisha akaingia, akaketi, tukapatana bei ya bango lake.

Jambo la mwisho, nalo ndilo lililonishangaza kuliko yote kutolikuta katika maelezo yenu. Mtu huyu alifika kwetu. Juni 1974 Nascimento alikuwa Dar es Salaam, katika Mkutano wa Sita wa Umajumui wa Afrika uliofanyika Ukumbi wa Nkrumah, Chuo Kikuu, akiwasemea watu weusi wa Brazili wakati serikali yao ikiuambia ulimwengu kwamba huko hakuna ubaguzi. Baadaye alirudi kwao, akawa mbunge kisha seneta, akafariki mwaka 2011 akiwa na miaka 97. Gazeti la hapa lilikuwa na habari ya mgeni wetu mkononi, likaiacha, likachukua uchawi.

Naomba mtoe masahihisho, ukurasa uleule na kwa herufi za ukubwa uleule. Kama nafasi ni finyu, andikeni hivi: Upinde wa Oxóssi katika bendera ya Brazili. Ni maneno saba. Mimi bango la maneno saba huchukua asubuhi moja, na hapo nangoja rangi ikauke.

Mwandika mabango,
Tanga