Barua kwa Mama: Chanjo Imefika, Usisubiri

Leicester, Uingereza
1 Agosti 2021

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Assalaam alaykum nyote hapo nyumbani: Kaka Athumani, wifi, Mwanaidi na watoto. Mimi mzima, alhamdulillah, na kazi inaendelea. Natumai presha imetulia na sukari unapima kama daktari alivyokuelekeza. Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu tukigusa habari hii kila mmoja anataka kusema, mwisho mtandao unakatika. Nataka Athumani akusomee taratibu, na pasipoeleweka arudie.

Jumatano nilimwona Rais Samia akichanjwa pale Ikulu, mbele ya kamera, nchi nzima ikimtazama. Nililia, Mama. Nilimkumbuka Mjomba. Februari ile tulipomzika (nyinyi mlimzika, mimi nilifuatilia kwa simu nikiwa nimekaa kwenye ngazi za kazini) kila mtu alisema kifua, nimonia, umri. Mwezi huohuo, tarehe 17, Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, alifariki Muhimbili. Chama chake kilikuwa kimeshatangaza tangu mwisho wa Januari kwamba ana korona. Nilimheshimu sana kwa ule uwazi, kwa sababu watu waliomtembelea walijua la kufanya. Sisi kwa Mjomba hatukujua. Tulijaa sebuleni kwake, tukakaa matanga, na wiki iliyofuata Shangazi akaanza kukohoa. Mungu alimnusuru.

Sasa chanjo imefika. Nimesoma kuwa tarehe 24 Julai zilipokelewa dozi 1,058,400 za Johnson & Johnson kutoka Marekani kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawana chanjo. Kwa nchi yenye watu karibu milioni 60 hizo ni chache, ndiyo maana wametanguliza wahudumu wa afya, watu wenye miaka 50 na kuendelea, na wenye maradhi ya kudumu. Wewe Mama umo mara mbili, kwa umri na kwa sukari. Nafasi hiyo imewekwa kwa ajili yako, na ninakuomba uitumie kabla shehena hii haijaisha.

Najua utasema, "Mwanangu, huko kwenu kuna hospitali kubwa, sisi huku Mungu ametulinda." Basi nikueleze yaliyotupata katika mji huu.

Mwaka jana, mwishoni mwa Juni, Uingereza nzima ilikuwa inajiandaa kufungua, na mabaa na mikahawa ilipangiwa kufunguliwa tarehe 4 Julai. Usiku wa tarehe 29 Juni Waziri wa Afya akatangaza kuwa Leicester haitafunguliwa. Kesho yake maduka yasiyo ya lazima yakafungwa upya, kisha shule zikafungwa kwa watoto walio wengi. Sisi ndio tuliokuwa mji wa kwanza kufungiwa peke yetu. Hapa watu wanaishi babu, mzazi na mjukuu nyumba moja, kama sisi. Wengi wanafanya kazi zisizofanyika nyumbani: viwanda vya nguo, teksi, maduka, kulea wazee. Kirusi hakikuchagua kabila wala dini. Kilipita mahali watu walipobanana, hewa ikiwa haizunguki, na mgonjwa akiwa hana namna ya kukosa siku ya kazi.

Nilichojifunza kwenye kipindi kile ni kwamba amri ya kutoka London haikutosha. Matangazo yalikuwa mengi: osha mikono, vaa barakoa, kaa mbali. Watu waliyasikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Mambo yalianza kubadilika pale halmashauri ya mji ilipotuma watu mlango kwa mlango na vifaa vya kupimia, wakiwemo wanaojua Kigujarati, Kipunjabi na Kisomali. Walikuwa wanauliza, "Ukiambiwa ujitenge, chakula utapata wapi? Nani atakuletea dawa?" Mtu akiulizwa hivyo anafungua mlango.

Kwetu kwenye nyumba ya kulea wazee ninakofanya kazi tulikuwa tumeshapitia makubwa. Masika ya mwaka jana wazee walikuwa wanatolewa hospitali na kuletwa kwenye nyumba kama zetu bila kupimwa. Agizo la kuwapima wote kabla lilitoka katikati ya Aprili 2020. Kwa wengine lilichelewa. Nimewafunga macho watu niliokuwa nikiwalisha uji kila asubuhi, na watoto wao wamesimama nje dirishani. Sitaki kukuandikia zaidi ya hapo. Nataka tu ujue kwamba ninaposema ugonjwa huu upo, nauzungumzia kwa mikono hii yangu.

Na usidhani ni ugonjwa wa wazungu. Daktari Amged El-Hawrani, mzaliwa wa Khartoum, bingwa wa masikio, pua na koo, alifariki hapahapa Leicester katika hospitali ya Glenfield tarehe 28 Machi 2020. Alikuwa na miaka 55. Wengi kati ya madaktari wa mwanzo kufa nchi hii walikuwa watu wa asili ya Afrika na Asia. Ngozi yetu haina kinga ya peke yake.

Nikuhadithie habari za jirani yangu. Ni bibi wa Kihindi, mzaliwa wa Jinja, Uganda, alikuja Leicester mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Wahindi. Kiswahili anakijua. Siku ya kwanza aliposikia naongea na wewe kwenye simu alinigongea mlango akasema, "Wewe binti, nyumbani wapi?" Tangu siku hiyo ni kama nimepata mama wa pili. Ana sukari kama wewe. Chanjo ilipoanza Desemba mwaka jana akakataa katakata. Kila mjukuu alimtumia video, moja ikisema chanjo ina nyama ya nguruwe, nyingine ya ng'ombe, nyingine ikisema itawaua wote waliochanjwa. Alikuwa hafungui hata barua za kituo chake cha afya.

Mimi nilijaribu, hakunisikiliza. Mtoto wa jirani ni mtoto tu. Aliyemgeuza ni daktari wa kituo chake, mama wa makamo anayemtibu kwa miaka mingi. Alimpigia mwenyewe simu jioni baada ya kazi, akazungumza naye Kigujarati. Hakumgombeza. Alimwuliza unaogopa nini, akasikiliza mpaka mwisho, ndipo akamjibu moja moja: hakuna nyama humo, hakuna kirusi hai cha korona, maumivu ya bega na homa ya siku moja mbili huenda ukapata, na ukiugua korona bila chanjo na sukari yako hii, mimi nitakuwa na wasiwasi mkubwa. Bibi akaenda. Alirudi analalamika mkono unauma, akala, akalala. Alipopata dozi ya pili alinipikia mandazi.

Kwa Waislamu napo ilikuwa hivyohivyo. Januari mwaka huu msikiti wa Al-Abbas, Birmingham, uligeuzwa kituo cha chanjo. Ramadhani ilipoingia mashekhe walieleza kuwa sindano haivunji saumu, kwa sababu si chakula wala haiingii tumboni. Kaka Athumani, ndiyo maana nakuomba ukamwone imamu wetu mapema, kabla maneno ya mitandaoni hayajamfikia yeye kwanza. Mpelekee na mganga wa zahanati wakae pamoja. Akisema yeye baada ya swala ya Ijumaa, watamsikiliza watu ambao mimi na wewe hatuwezi kuwafikia.

Sasa maswali yenu. Athumani uliniuliza: mbona Waingereza wamechanjwa na bado wanaugua? Ni kweli wanaugua. Lakini tazama hesabu. Januari, wakati waliochanjwa walikuwa bado wachache, tarehe 20 peke yake vilitangazwa vifo 1,820. Katikati ya Julai hii, kirusi cha Delta kimeenea na kuna siku waligundulika wagonjwa zaidi ya 54,000, vifo vya siku vilikuwa makumi tu. Wagonjwa karibu na wale wa Januari, makaburi machache mno. Zaidi ya watu milioni 46 hapa wameshapata angalau dozi moja. Na wa kwanza kabisa, tarehe 8 Desemba, hakuwa Mwafrika wa kufanyiwa majaribio. Alikuwa bibi wa miaka 90, Margaret Keenan, pale Coventry, si mbali na hapa.

Hiyo ya kwenu ni sindano moja tu, haina ya pili kama nilizochomwa mimi. Katika majaribio yake ilipunguza ugonjwa mkali kwa asilimia 85, ikihesabiwa kuanzia siku 28 baada ya kuchomwa. Kwa hiyo Mama, ukitoka kuchanjwa leo, kesho si siku ya kwenda harusini. Upe mwili mwezi mmoja. Pia haihitaji yale majokofu ya baridi kali ya chanjo ya Pfizer. Inakaa kwenye jokofu la kawaida la zahanati, na hilo ni jambo kubwa kwa mikoa yetu.

Mwanaidi mdogo wangu, wewe uliniuliza kuhusu damu kuganda, na sitakuficha. Tatizo hilo lipo, ni nadra sana, na limeonekana zaidi kwa wanawake ambao bado vijana. Aprili Wamarekani waliisimamisha chanjo hii kwa siku kadhaa wakachunguza, kisha wakairuhusu iendelee kwa kuwa faida yake ilizidi hatari. Zamu yako ikifika, zungumza na mhudumu kwanza. Na yeyote atakayechanjwa, katika wiki tatu za mwanzo akipata kichwa kikali kisichoacha, macho kuona ukungu, kifua kuuma, pumzi kukata, mguu kuvimba au tumbo kuuma mfululizo, aende hospitali siku hiyohiyo na aseme amechanjwa lini. Hayo ya kuwa tasa na ya chipu mwilini yaache kabisa. Wenzangu kazini wamechanjwa, na wapo waliobeba mimba baadaye.

Kuhusu nyungu, kujifukiza kwa mvuke, Mama, najua mkaratusi na mchaichai vinakufungua pua na kukupa faraja. Sikunyimi faraja yako. Ila mvuke hauui kirusi kilichoingia mapafuni, na sufuria la maji yanayochemka chini ya shuka ni hatari kwa watoto na kwako mwenye presha. Mtu akianza kubanwa pumzi, asifukizwe. Apelekwe hospitali apimwe kiwango cha oksijeni kwenye damu.

Hata baada ya chanjo, yapo ya kuendelea nayo. Huku sheria nyingi ziliondolewa tarehe 19 Julai, ila kazini kwetu barakoa bado tunavaa na vipimo bado tunapima kila wiki. Nyumbani kwetu, madirisha ya sebule yafunguliwe wageni wakija, na yale mapazia mazito wifi ayafunge pembeni. Bora zaidi wageni wakae barazani, Tanga ina upepo wa bahari wa bure. Mwenye mafua asiingie chumbani kwa Mama, hata kama ni mjukuu anayempenda. Ndoo ya maji na sabuni irudi mlangoni, naambiwa mliiondoa. Kwenye daladala Mama avae barakoa ifunike pua, si kidevu. Na misiba, jamani. Najua uzito wa ninachosema. Tuzike, tuombe dua, lakini kulala kwa wingi ndani ya chumba kimoja tuache kwa sasa. Rambirambi itumwe kwa simu, na wafiwa wapikiwe chakula wapelekewe.

Athumani, nimekutumia pesa ya bajaji kwa Tigo Pesa, kwenda na kurudi. Uliza hospitali ya Bombo au zahanati ya karibu ni siku gani wanaanza na kama inabidi kujiandikisha kabla, ili Mama asisimame juani kwenye foleni. Ale kwanza, anywe dawa zake za sukari na presha kama kawaida, abebe kitambulisho, na avae blauzi ambayo mkono wake unapandishwa kwa urahisi. Chanjo ni hiari na kuna fomu ya kusaini. Msomee yote kabla hajatia sahihi, asisaini asichokielewa. Amweleze mhudumu maradhi yake yote na dawa anazotumia, na kama aliwahi kudhurika na sindano yoyote. Baada ya kuchomwa akae hapohapo robo saa ndipo muondoke. Cheti mkitunze pamoja na kadi yake ya kliniki. Usiku akipata homa au maumivu, panadol na maji mengi. Ikipita siku mbili tatu bila kutulia, mrudishe.

Shangazi wa Korogwe mpigie wewe Mama. Akisikia kwako atakwenda. Akisikia kwangu atasema nimekuwa mzungu.

Nitapiga Jumapili ijayo baada ya alasiri yenu. Nataka kusikia ni siku gani mmepangiwa. Wasalimie wote mtaani, na watoto wabusu kwa niaba yangu.

Mwanao akupendaye,
Zuhura