Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wetu, mama zetu, ndugu wanachama wa jumuiya,

Mkutano huu ulikuwa ufanyike Disemba. Waliofika siku ile hawakutosha hata kujaza jamvi moja, akidi haikutimia, tukatawanyika. Leo, Januari 2025, tumeitana tena na naona akidi bado haijatimia, lakini katiba yetu inasema mkutano wa pili huendelea na waliopo, kwa hiyo tunaendelea. Ambao hawakuja wasije wakasema hawakuambiwa. Tangazo lilibandikwa, na likasomwa baada ya sala ya Ijumaa, Ijumaa mbili mfululizo.

Kazi za kawaida mnazijua, sitazirefusha. Tumesafisha diko la wavuvi na njia ya skuli, tumepanda mikoko, tumeshika mkono wafiwa, tumefuturisha mayatima Ramadhani, na ripoti ya mwaka wa nyuma imefika kwa Mrajis wa Jumuiya kama ilivyotakiwa na Sheria Namba 6 ya 1995 tuliyosajiliwa chini yake. Anayetaka tarehe amuone Katibu.

Kazi iliyotushughulisha mwaka mzima ni taarifa ya wiki ya Mheshimiwa Mwakilishi. Wazo hili lilitoka kwangu, ingawa siku hizi nasikia lina baba wengi. Kila Alkhamisi jioni Mheshimiwa hututumia sauti kwa simu. Baraza la Wawakilishi, chombo cha kutunga sheria cha Zanzibar, likiwa linakaa Chukwani, Unguja, hueleza miswada iliyosomwa, maswali aliyouliza na fedha zilizopangiwa jimbo. Baraza likiwa halikai, hueleza alikopita jimboni. Katibu huiandika, tunaichapa, na Ijumaa inabandikwa kwa Sheha, kiongozi wa serikali katika shehia yetu, dikoni, skuli na kwenye duka la njia panda. Mnaosoma karatasi ile mjue nyuma yake yupo kijana aliyekaa na simu sikioni, anairudisha sauti nyuma mara kadhaa mpaka aipate tarakimu sawasawa, maana Mheshimiwa huzungumza akiwa ndani ya gari na upepo unavuma kweli kweli.

Pamoja na juhudi hizo, wapo wanaosoma mstari wa kwanza tu. Mswada ukisomwa mara ya kwanza, mtu anakwenda barzani mtaani anatangaza kuwa sheria imepita. Haijapita. Mswada unakwenda kwenye kamati, kamati inasikiliza wadau, unarudi Barazani unajadiliwa, na hata Wawakilishi wakiupitisha bado si sheria mpaka Rais wa Zanzibar atie saini yake. Hili nimelieleza mimi mwenyewe barzani hadi sauti ikanikauka.

Vile vile sisi Wazanzibari tuna Mwakilishi na tuna Mbunge, na kila mmoja ana mlango wake. Mnara wa simu ni jambo la Muungano, peleka kwa Mbunge akaulizie Bungeni Dodoma. Maji na skuli zetu si mambo ya Muungano, hayo yana Baraza la Wawakilishi. Mbunge naye ana mfuko wake wa kuchochea maendeleo ya jimbo, hilo sikatai. Lakini mwezi wa Septemba baadhi ya wanachama walimwandikia Mbunge barua kulalamikia uamuzi wa jumuiya hii, ambao nitaufikia, bila kupitia kwangu wala kwa Katibu. Jibu walilopewa ni kwamba warudi kwa Mwenyekiti wao. Nawasubiri.

Na sasa nije kwenye jambo lenyewe, ambalo najua ndilo lililowaleta wengi wenu, maana zipo nyuso hapa sikuziona tangu mkutano kama huu mwaka jana. Kisima.

Taarifa ya wiki iliyotoka mwanzoni mwa Agosti ilisema Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo, ule wa upande wa Mwakilishi, unapokea maombi, shehia moja ombi moja, na muda ni wiki mbili. Nikaitisha mkutano. Katika wanachama 143 walikuja 17, pamoja na mimi. Wengine walisema wako karafuuni, wengine walikuwa wamekaa kwenye bao, na hao niliwaona kwa macho yangu nikipita kuja mkutanoni. Mezani kulikuwa na mambo mawili: kuezeka mabanda mawili ya skuli ambayo wananchi tumeyafikisha kwenye linta, au pampu na tangi la kisima. Zikapigwa kura, nane kwa nane. Katiba inampa Mwenyekiti kura ya uamuzi kura zikilingana. Nikaitumia, nikaweka kisima. Aliyekuwa na kura yake akaiacha nyumbani asinilaumu mimi niliyekuja na yangu.

Sababu nilizitoa siku ile na nazirudia. Mwezi wa Juni, wakati wa bajeti, taarifa ya wiki ilieleza wazi kwamba ukamilishaji wa mabanda yaliyoanzishwa na wananchi umo katika mipango ya wizara inayohusika, na skuli yetu imo kwenye orodha. Karatasi ile ninayo hapa, na ilikaa ubaoni mpaka jua likaifuta. Kisima hakikuwa kwenye orodha yoyote. Sasa nauliza: lenye mlango mmoja na lenye milango miwili, lipi ulipeleke kwenye mfuko wa jimbo? Tungeombea skuli, mfuko ungetoa mabati, wizara ingetufuta kwenye orodha yake kwa kuwa tumeshapata, na kisima kingebaki kilivyo. Haya ni mahesabu, si mapenzi ya mtu.

Imeulizwa kwa nini mpaka leo mabanda hayajaezekwa, na kwamba ndani ya banda la pili umeota mpapai. Ni kweli umeota, nimeuona, na umeshazaa. Lakini mwaka wa fedha unaanza Julai unamalizika Juni, na leo tuko Januari. Kutajwa katika bajeti ni jambo moja, fedha kutoka ni jambo jengine. Mheshimiwa ameliuliza Barazani, akajibiwa kuwa mabanda yataezekwa kulingana na upatikanaji wa fedha. Jibu hilo sikuliandika mimi.

Imesemwa pia kwamba bomba limepita mlangoni kwangu. Bomba limefuata njia, na nyumba yangu iko kwenye njia hiyo tangu 1987, jumuiya hii haijazaliwa. Mfereji ule ni wa watu wote. Kwamba ufunguo anao mke wangu, ni kwa sababu lazima pawe na mtu wa kuufunga usiku, na nilipoomba wa kujitolea hakunyanyuka mkono hata mmoja. Anayeutaka ufunguo aje auchukue leo, pamoja na kazi ya kuamka saa kumi na moja alfajiri kuufungua. Najua kuna vijana wananiita Mwenyekiti wa Mfereji. Nimelisikia, na wala silichukii.

Na anayesema kisima hakikuwa na haraka awaulize mama zetu waliokaa hapo nyuma. Walikuwa wakitoka kabla ya adhana ya alfajiri na madumu yao. Ndoo za mwanzo zinatoka na maji, zinazofuata zinatoka na tope jeupe, basi wanakaa ukingoni na kamba mkononi wakisubiri kisima kijae tena, na huku watoto wanachelewa hiyo hiyo skuli tunayoigombania.

Hesabu ya kisima ni hii. Mfuko haukutupa fedha mkononi, ulitupa vifaa vya shilingi 6,850,000: pampu, tangi la lita 5,000, mabomba na nyaya. Fundi, mnara wa tangi na kuungiwa umeme ni shilingi 1,120,000, ambazo 640,000 zilitoka kwa watu wetu walioko Unguja na Maskat, na 480,000 nilizitoa mimi. Sizidai, ingawa zimeandikwa.

Nisiache kutaja kwamba mwezi wa Mei nilikwenda Chukwani kwa nauli yangu, kwa boti ya kutoka Mkoani, Pemba, bahari ikiwa imechafuka, ili nikae ukumbini nione kazi inavyofanywa. Mheshimiwa Spika alipotambulisha wageni, jumuiya hii ilitajwa. Kabla ya hapo haijawahi kutajwa.

Nije kwenye ada. Ada yetu ni shilingi 1,000 kwa mwezi, haifiki bei ya soda mbili. Wanachama 143 wangelipa wote, tungepata 1,716,000. Tulichopata ni 611,000. Waliolipa mwaka mzima ni 38, wengi wao wanawake. Waliobaki wamelipa vipande vipande au hawakulipa kabisa, na miongoni mwa hao wamo wanaodai hesabu kwa sauti kubwa kuliko wote. Mwaka tuliuanza na baki ya 212,000. Karatasi na wino wa taarifa ya wiki vimekula 390,000, misiba 250,000, futari 140,000. Iliyobaki ni 43,000. Kwa fedha hiyo taarifa ya wiki haifiki Ramadhani. Sheha ametusaidia rimu mbili, tunamshukuru, lakini jumuiya ya watu 143 kuomba karatasi kwa Sheha ni aibu.

Mwaka huu, insha Allah, tunatarajia kufuatilia mabanda, kuongeza mifereji upande wa diko, na kuangalia uwezekano wa kuwa na ofisi. Vijana wameomba taarifa ya wiki itumwe kwenye simu pia, tutalitazama. Ila huu ni mwaka wa uchaguzi. Baraza litavunjwa, na hatujui Mwakilishi ajaye atakuwa nani na atapenda kutuma sauti au la. Naomba tangu leo ifahamike kuwa karatasi yetu inaandika miswada na fedha za jimbo, haitaandika kampeni ya mtu. Wapo walioniletea maandishi yao tayari. Nimeyarudisha.

Kuhusu uongozi, muda wangu unamalizika mwakani. Anayeona kazi hii nyepesi fomu zipo kwa Katibu, na sharti la kwanza la kugombea ni kuwa umelipa ada.

Mshika Fedha yuko mlango wa upande wa mashariki na kitabu cha risiti. Mlango wa magharibi nimeomba ufungwe mpaka tumalize.

Mwenyekiti