Jim Stynes naye apewe nafasi

Mhariri,

Kurasa zenu za michezo zimejaa Ulaya tu. Leo naomba nafasi kidogo kwa marehemu Jim Stynes, kijana wa Dublin aliyehamia Australia kujifunza mchezo wa kule, ule wa mpira wenye umbo la yai.

Mwaka 1987 klabu yake ya Melbourne ilikuwa sekunde chache tu kuingia fainali. Stynes akakatiza mbele ya mchezaji wa Hawthorn aliyekuwa akijiandaa kupiga. Refa akamsogeza mpigaji mita 15 mbele, mpira ukapita katikati ya milingoti, Melbourne ikalala kwa pointi mbili. Mimi ningekata tiketi ya kurudi kwetu! Yeye mwaka 1991 akatwaa medali ya Brownlow ya mchezaji bora wa ligi, na akacheza mechi 244 bila kukosa hata moja.

Alishiriki kuanzisha Reach, taasisi ya kuwasaidia vijana. Mwaka 2008 akawa mwenyekiti wa Melbourne, klabu ikiwa imezama kwenye madeni, na hata saratani ilipomvamia aliendelea kuhangaikia madeni hayo. Alifariki Machi 2012, akiwa na miaka 45.

Msomaji wenu,
Tanga