Mtukumbushe na mabaharia wa meli za mizigo

Mhariri,

Kila mnapochapisha makala za Vita Kuu ya Pili ya Dunia, tunasoma habari za majenerali na manowari. Naomba safari ijayo mumweke na Poon Lim, mzaliwa wa Hainan, China, aliyekuwa mhudumu katika meli ya mizigo ya Uingereza, Benlomond.

Tarehe 23 Novemba 1942, meli hiyo ikitoka Cape Town kwenda Amerika ya Kusini, ilipigwa topido na nyambizi ya Kijerumani. Akapona yeye peke yake. Alipata chelezo chenye biskuti na maji kidogo. Vilipoanza kumwishia, alichomoa waya wa tochi akaukunja ukawa ndoana, akafumua kamba akapata mshipi. Samaki aliowavua aliwapasua na kuwaanika. Maji ya mvua aliyakinga kwa turubai. Hakuwa mwogeleaji hodari, basi alijifunga mkononi kamba ya chelezo, wimbi lisije likamtenga nacho. Siku 133! Wavuvi wa Brazil walimwokota Aprili 1943, akashuka pwani akitembea kwa miguu yake mwenyewe.

Mfalme George wa Sita alimtunukia nishani. Wasimuliaji wengi huishia hapo, na hilo ndilo linaloniuma. Wachina wenzake katika meli za Uingereza walilipwa chini ya nusu ya mshahara wa baharia Mwingereza, wala hawakupewa posho ya hatari ya vita kama wenzao mpaka walipogoma Liverpool mwaka 1942. Bahari ilikuwa moja, na topido zilikuwa zile zile. Vita vilipokwisha, mwaka 1945 na 1946, serikali ya Uingereza iliwakamata mamia yao pale Liverpool ikawarudisha Mashariki kwa lazima. Baadhi walikuwa na wake na watoto mjini humo. Watoto wale walikua wakiamini baba zao wamewatelekeza.

Poon Lim mwenyewe alihamia Marekani kwa idhini maalumu, maana nafasi za wahamiaji wa Kichina zilikuwa zimejaa. Alifariki Brooklyn mwaka 1991.

Miaka ile manowari za Uingereza zilitia nanga Kilindini, na wapo wasomaji wenu ambao babu zao walifanya kazi melini. Waalikeni waandike, watume na picha na vyeti vya wazee wao kabla havijaliwa na mchwa. Ukurasa mmoja kila Jumamosi ungetosha kuanzia.

Msomaji wenu,
Mombasa